Zile ndara za Kilwa Kisiwani

Wadau, leo nina la kuungama. Nimelikalia zaidi ya mwaka mzima, na naona bora nilitoe mwenyewe kuliko siku moja kulitolewa na mwingine. Julai 2024 nilipiga picha ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ikatoka gazetini, watu wakaisifia. Picha ile haikuwa ya kweli. Kulikuwa na kitu ndani yake, nikakifuta kwa kompyuta. Si kitu kikubwa. Ni ndara. Pea moja ya ndara za buluu, zimelika visigino.

Msicheke kwanza.

Mimi ni mtoto wa Masasi. Tangu napakatwa na mama nimepita Nangurukuru sijui mara ngapi. Basi linasimama, tunachimba dawa, mwenye hela ananunua chochote cha kutafuna, kondakta anapiga bodi, tunaendelea na safari ya Dar. Kibao cha kwenda Kilwa Masoko nimekiona maisha yangu yote na sikuwahi kukifuata, wakati pale njia panda hadi Masoko ni yapata kilometa 30 tu. Chuoni alikuja mwanafunzi mmoja kutoka Ulaya, wa muhula mmoja, akaniuliza kwa kuwa natoka kusini: Kilwa ikoje? Nikamjibu kwa uso mkavu kabisa, "Nzuri sana, lazima uende." Akaenda. Aliporudi akanionyesha picha, nami nikawa natikisa kichwa kama mtu anayekumbuka.

Nilikwenda kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipita kwenye pwani yetu na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga, mkasikia wote jinsi abiria walivyokwama. Miezi miwili baadaye mhariri akanituma nikaangalie hali imefikia wapi. Kazi niliimaliza kabla ya muda, nikabakiwa na siku moja ya posho. Nikajiambia, leo Nangurukuru hainipiti.

Pale Masoko unalipa kiingilio, unapata kibali, unateremka gatini na kuvuka kwa boti. Bahari yenyewe ni nyembamba, boti ya mashine haichukui hata muda wa kumaliza maongezi. Kitu cha kwanza kukiona ni ile ngome wanayoiita Gereza, imesimama ufukweni na upande mmoja umeshaliwa na maji. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, walipouteka mji. Hiyo tunayoiona leo zaidi ni kazi ya Waarabu wa Oman waliokuja baadaye. Halafu kuna kijiji. Hili nataka mlishike maana nitalirudia: kuna kijiji. Kuna nyumba, shule, mbuzi, akina mama wenye ndoo, watoto wanaokuamkia "shikamoo" mpaka unachoka kuitikia, na kuna msikiti wa leo ambao adhana yake niliisikia kabla sijafika mbali.

Aliyenitembeza ni mzee wa hapo hapo kisiwani. Simtaji jina kwa sababu hakuomba kuandikwa. Anatembea taratibu, anaongea taratibu zaidi, na ukimuuliza swali la kipumbavu anakaa kimya mpaka ulirekebishe mwenyewe.

Sasa msikiti. Jamani, mimi si mtu wa kushangaa haraka, lakini nilisimama. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11, na ni ndogo; paa lake lilikuwa bapa, likishikwa na nguzo za mbao. Sehemu ya kusini ndiyo kubwa, iliongezwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikaja kubomoka na kujengwa tena karne ya 15. Hiyo ndiyo yenye zile nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, matao yanafuatana kama mawimbi, na juu yake kuba. Baadhi zimeanguka, nyingine zipo hadi leo. Jua linapenya pale paa lilipotoboka na kuanguka chini kwa madoamadoa. Nje kuna kisima na mahali pa kutawadhia. Ukutani upande wa kaskazini kuna kibla, na upinde wake wa mawe umechongwa na mtu aliyejua anachokifanya.

Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, sultani akiwa huyo huyo al-Hasan, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kwamba siku moja sultani alipotoka sala ya Ijumaa alikutana njiani na fakiri kutoka Yemen, akamwomba zile nguo alizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo, akampa zile. Sasa mimi nimesimama hapo hapo na kamera shingoni, nafikiria ukurasa wa kati.

Mhariri wangu ana msemo wake: nataka picha safi. Picha safi maana yake haina kichwa cha mtu kilichokatika, haina waya wa umeme, haina ndoo ya plastiki. Basi nikafanya kazi ya kusafisha. Walikuwepo wanawake wawili wanakatisha nje ya matao, nikawaomba wasubiri kidogo. Wakasubiri, na ndoo zao kichwani, hadi nilipomaliza. Kulikuwa na mtoto, nikampa ishara asogee. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kando, nje ya fremu, na nilishukuru kwamba alijua kukaa pembeni.

Usiku nyumba ya wageni nikafungua picha kwenye kompyuta. Zote zina kasoro isipokuwa moja. Na hiyo moja, chini kulia, pale inapoanza sakafu, pana ndara. Nikadhani ni takataka. Ufukwe wetu unajaa ndara zilizoletwa na maji, kila mtu wa pwani anajua. Dakika tatu, nikaziziba na kipande cha sakafu kilichonakiliwa kutoka pembeni. Ukiangalia gazeti huwezi kujua. Maelezo chini ya picha niliandika mwenyewe: "Magofu ya Kilwa Kisiwani, mji uliotoweka."

Kwa asiyejua taaluma yetu, hilo ni kosa, tena si dogo. Tumefundishwa darasani. Mwaka 2006 shirika la Reuters liliachana na mpigapicha wake mmoja kwa kuongeza moshi kwenye picha ya Beirut wakati wa vita. Ukiweza kuongeza moshi, unaweza kuongeza maiti. Ukiweza kufuta ndara, kesho utafuta nini? Mtihani wa somo hilo nilipata A. Sitaki kujitetea. Niseme tu kwamba wakati nafanya sikuhisi kama nadanganya, nilihisi kama nafagia.

Nilikuja kushtuka kwa njia ya ajabu. Mapema mwaka 2025 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale watu wanaowaita Wamormoni, walikuwa wamekamilisha hekalu lao Nairobi. Hekalu kwao si kanisa la Jumapili, ni nyumba ya ibada zao nzito, kama ndoa na ubatizo kwa niaba ya wafu. Kabla ya kuwekwa wakfu, hufunguliwa kwa muda na kila mtu anaalikwa kulitembelea. Likishawekwa wakfu, na la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, anayeingia ndani ni muumini mwenye kibali tu. Wengine mnakaribishwa bustanini. Rafiki yangu mwandishi alikwenda siku za kufunguliwa, akanisimulia kwa simu kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kilichomkera ni kwamba ndani hawaruhusu kupiga picha. Kilichomfurahisha ni bustani, anasema amejaza kadi nzima ya kumbukumbu kwa maua na kuta za nje. Halafu akaniambia kwamba wageni wanavalishwa vifuniko vya plastiki juu ya viatu. "Yaani mpaka unyayo wako wanauogopa," akasema, anacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka miguu ya mzee. Siku ile Kilwa, alipokuwa amekaa kando kwenye kivuli cha ukuta, miguu yake ilikuwa mitupu. Nilikuwa nimeiona na sikuwa nimeiona, mnanielewa? Na nilikumbuka kwamba alikuja kunipokea gatini amevaa ndara. Za buluu.

Septemba 2025 nilikwenda Masasi kwa msiba, na wakati wa kurudi nikateremka Nangurukuru. Nilikuwa na lile gazeti kwenye begi. Nilivuka, nikamkuta, nikamwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu" na hakujifanya ananikumbuka mpaka nilipomwonyesha ukurasa. Akaushika kwa mikono miwili, akaupeleka mbali na macho kama wazee wanavyofanya. Akatazama kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole chini kulia.

"Ndara zangu zilikuwa hapa."

Nikanyamaza.

"Ulidhani uchafu?"

Nikamwambia ndiyo, mzee. Akacheka sana, akamwita jirani aje aone, naye akacheka. Mimi nilitamani maji yajae yanichukue.

Nikamuuliza ndipo, kwa kuchelewa kwa miezi kumi na minne, kwa nini anavua viatu mahali ambapo hakuna mkeka na paa limetoboka. Akasema ule ni msikiti. Nikasubiri maelezo mengine. Hayakuwepo.

Niliporudi Dar nilimuuliza shehe mmoja ninayemheshimu, maana mimi nimelelewa Kianglikana na sitaki kujifanya mjuzi wa dini ya watu. Akaniambia kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, ardhi ikishawekwa wakfu kuwa msikiti inabaki msikiti. Ukuta ukianguka, watu wakihama, hukumu haihami nao. Kwa hiyo yule mzee hakuwa anafanya mbwembwe wala ushamba. Alikuwa anafuata sheria ambayo mimi, mwenye shahada yangu, sikujua kama ipo.

Sasa hoja yangu. Tangu mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na jina zililoandikishwa nalo ni "magofu". Sisi waandishi tukalipokea neno hilo tukalifanyia kazi. Fungueni magazeti yetu, fungueni vipeperushi vya utalii, angalieni picha za Kilwa: matao, kuba, mbuyu, anga la buluu, hakuna mtu. Halafu kichwa cha habari kinasema mji uliotoweka, mji uliosahaulika, mji wa maajabu. Umetoweka kwa nani? Nimepita katikati ya uwanja ambapo watoto wanacheza mpira. Tunawatoa watu kwenye picha, halafu tunaandika kwamba mahali hapa hapana watu. Mimi nilifanya yote mawili kwa siku moja.

Na kuna tofauti kati ya gofu na msikiti. Gofu unaliingia unavyotaka, unapanda ukuta upate pembe nzuri, unaegemea kibla unapigwa picha ya kumbukumbu na kidole gumba juu. Nimeona picha ya namna hiyo mtandaoni, kijana kama mimi, mgongo wake umebanwa kwenye kibla cha watu. Kwetu Masasi hata awe mlevi wa namna gani hapandi altare kupigwa picha. Si kwa sababu kuna kibao.

Nendeni Kizimkazi Dimbani, Unguja, mkaone mambo yanavyoweza kwenda. Msikiti wa pale una maandishi ya Kikufi ukutani yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni wa umri wa sehemu kongwe ya huu wa Kilwa, japo ulijengwa upya karne ya 18. Watalii wanakwenda kila siku. Wanavua viatu, wanawake wanajifunika, wanaomba ruhusa, wanatoa sadaka kidogo, wanapiga picha zao, wanaondoka. Hakuna aliyelalamika kwamba amenyimwa historia. Tofauti ni kwamba Kizimkazi bado wanasali, hivyo mgeni analazimika kuona kwamba pana wenyewe. Hata Kaole, kule Bagamoyo, ambako misikiti imebaki kuta, kaburi la Sharifa bado linatembelewa na watu wenye haja zao, wala hawaji kwa sababu ya utalii.

Najua mtakachosema. Mmoja wenu, mwanafunzi wa akiolojia, ameshaniambia: ukianza kuyaita majengo haya misikiti, kesho watu watataka kuyapaka rangi, waweke mabati na vipaza sauti, na miaka mingi ya sayansi iharibike. Hofu hiyo naielewa. Kilwa iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa 2014, na haikuondolewa kwa dua. Ilifanyika kazi ya kuziba nyufa, kukata miti iliyokuwa inapasua kuta, kuzuia bahari. Lakini ni nani aliyechoma chokaa, akabeba mawe? Si watu waliotoweka. Na mzee wangu hajasema popote kwamba anataka bati. Alivua ndara tu. Hakunilazimisha hata mimi nivue, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba aliniacha nikatembea na raba zangu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kunikosoa, kwa sababu mimi ni mgeni na mgeni haaibishwi.

Mwingine atasema urithi wa dunia ni wa dunia, kwa nini mtu wa Masasi au wa Marekani aombe ruhusa kwa mvuvi? Kwa sababu mvuvi ndiye anayelala pale. Sisi tunakwenda asubuhi na boti ya jioni tunarudi. Wala siombi mlango ufungwe. Kwa Wamormoni wa Nairobi ni haki yao kufunga, na bustani wameiacha wazi, rafiki yangu amefaidi. Kilwa haina mlango wa kufunga. Kuna kizingiti tu, na pale kizingitini mtu mmoja aliacha ndara zake ili mwingine akija ajue. Ilikuwa alama, nami nikaifuta.

Nilimweleza mhariri. Nilidhani atawaka. Alinitazama juu ya miwani, akauliza, "Ndara?" Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna mtu amelalamika. Nikasema hakuna, mwenye ndara amecheka. Akarudi kwenye kurasa zake. Kwa hiyo masahihisho hayakutoka gazetini, na ndiyo maana yametoka hapa.

Picha ya safari ya pili naona si nzuri kama ya kwanza. Nilivua raba, na niwaambie ukweli, changarawe za sakafu ile zinauma kwa mguu uliozoea soksi, hivyo mkono haukutulia vizuri. Safari hii sikumzuia mtu. Kuna mwanamke anapita kwa mbali na ndoo, kichwa chake kimekatwa na tao. Mzee yupo, ameketi kwa pembeni, hajaangalia kamera. Chini kulia zipo pea mbili, ndara zake na raba zangu, moja imelala ubavu.

Aliniomba nakala mbili kubwa, yake na ya jirani yake aliyecheka. Nimezisafisha juzi Kariakoo, nimezitia kwenye bahasha ngumu, na leo alfajiri nimemkabidhi kondakta wa basi la Masasi aziache Nangurukuru kwenye kibanda ambacho kijana mmoja wa bodaboda atazichukua. Kondakta ameniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia picha. Akasema atazishusha saa saba mchana Mungu akipenda, kama Somanga panapitika.